Hodi ya Nne

Siku mliyoniaga mlikata keki yenye picha ya kompyuta, na mgeni rasmi akasema nimeitumikia teknolojia kwa moyo wangu wote. Keki ilikuwa nzuri, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini teknolojia sikuitumikia. Nilikuwa nikiifundisha adabu, na mara nyingi ilinishinda, kwa kuwa adabu yake ni ile ya walioiunda.

Mmeniomba niwaachie maandishi. Vyeo vyangu mnavijua, vilikuwa vichache. Mshahara ni siri ya mtu na mfuko wake. Nitakayoyaandika ni namna ya kusimama mlangoni pa watu, maana kazi yetu yote ni hiyo. Na nitaeleza jinsi Rehema, fundi hodari kuliko wote niliofanya nao kazi, alivyotakiwa achague kati ya kibarua chake na ukweli, kwa sababu ya mlango mmoja uliochelewa kufunguliwa.

Nilianza kazi miaka ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, kanga foleni, na wako waliojiunga na foleni kwanza ndipo wakauliza mbele kunauzwa nini. Baba yangu alikuwa na chuo cha Kurani Pangani, watoto wakisoma barazani kwetu, nami nilihitimu kwake kabla sijajua kupiga taipu. Nikapata kazi Tanga mjini, kwenye chumba cha teleksi cha kampuni ya mkonge.

Kwa ninyi mliozaliwa simu ikiwa mkononi: teleksi ilikuwa mashine ya taipu iliyofungwa kwenye waya. Ulichopiga Tanga kilijichapa Hamburg. Kwanza ulitoboa ujumbe wako kwenye utepe wa karatasi, kisha ukapiga namba ya mwenzako, naye akiitika ukailisha mashine utepe, ikausoma yenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa otomatiki yetu. Utepe ulikuwa adimu kama sukari, hata vipande vya mwisho tulivihifadhi.

Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Faki, Mpemba, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Siku yangu ya kwanza nilipiga namba ya Hamburg, mashine ikanirudishia herufi tatu: OCC. Nikapiga tena. OCC. Nikapiga tena na tena, kwa sababu Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu na leso yake, akifuta jasho na kusema, “Piga tena! Piga tena!” Alipotoka, Mzee Faki akaweka kikombe chake chini.

“Wafanyani, mwanangu?”

“Napiga tena, mzee. Hawaitiki.”

“Kwani nyumba yao yaungua moto?”

“Hapana.”

“Basi kaa kitako. Wewe si mtoto wa maalim? Baba’ko hakukufunza hodi?”

“Alinifunza.”

“Ngapi?”

“Tatu.”

“Na baina ya hodi na hodi?”

Hodi tatu kila mtu anazijua, hata mwizi. Kinachosahauliwa ni kimya kilichoko katikati. Mzee Faki akanikumbusha niliyoyasoma kwa baba yangu nikadhani ni ya milango ya mbao tu: ukibisha, mwenye nyumba huenda anakula, basi mwachie muda wa kumaliza tonge. Ukibisha ya pili, huenda anatawadha, mwachie muda mrefu zaidi kidogo. Ya tatu, huenda yumo katika sala, nawe husimami mlangoni pa anayesali ukapiga kelele. Na usisimame mbele ya mlango ukachungulia, simama ubavuni. Kisha, asipoitika, rudi zako bila kinyongo, kwa kuwa nyumba ni yake na muda ni wake.

“Sasa soma hizo herufi,” akasema. “OCC: ana mgeni mwingine. Huyo msubiri. MOM: yuaja, kaambiwa ungoje. Huyo mngoje. Ukiona NP, maana yake hapana nyumba hapo. Huyo ukimbishia hodi hata Siku ya Kiyama, waongea na ukuta.”

Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya kompyuta. Niliipata kabla sijaiona kompyuta, na yaliyofuata yamekuwa maelezo ya pambizoni.

Meneja hakuipata. Siku moja tulikuwa tunaagiza mikanda ya mashine ya kusokotea kamba. Utepe ukapita wote, lakini laini ikakatika kabla Hamburg hawajathibitisha kwamba wamepokea. Mzee Faki akataka tuulize kwanza kama wamepata. Meneja akasema, “Kuuliza nini? Peleka tena!” Tukapeleka. Wakaona maagizo mawili, wakaleta mikanda mara mbili, katika miaka ambayo fedha ya kigeni ilitafutwa kama ndugu aliyepotea baharini. Meneja akaandika taarifa kwamba kosa ni la mitambo. Mzee Faki akaisoma, akakohoa, akaniambia, “Kuuliza bei mara tatu si neno. Kununua mara tatu, hilo ndilo neno.” Liwekeni hilo akilini, maana nimeona vijana wenye vyeti vya rangi nne wakirudiarudia agizo kwa sababu tu hawakupata jibu, kana kwamba kutojibiwa ni kutosikiwa.

Kisha likaja soko huria. Madukani vitu vikajaa na mifukoni pesa zikaisha. Kampuni ya mkonge ikauzwa, Meneja akanunua nyumba, mashine za teleksi zikauzwa chuma chakavu kwa kilo. Mzee Faki alikuwa amekwisha rejea Pemba, akafia huko, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi nikajifunza kompyuta kwenye chumba kimoja cha Ngamiani, ambako mwalimu alitufundisha kuiwasha muda mrefu kuliko kuitumia. Namshukuru pia. Ndipo nikaajiriwa na ofisi yetu hii, ilipokuwa bado juu ya duka la vitambaa pale Usagara.

Tulitengeneza programu ya mawakala wa forodha, wale wanaowatolea watu mizigo bandarini. Mwenye ofisi alijiita Mkurugenzi, ingawa tulikuwa watu wachache kiasi kwamba sahani moja ya viazi karai ilitutosha. Alikuwa na gari lenye honi ya sauti mbili, na imani kwamba kila tatizo duniani limetokana na mtu kutopiga honi ya kutosha.

Rehema alikuja kwetu akiwa binti wa Kidigo mwenye baiskeli na mdomo. Mama yake alikuwa anaugua, na mshahara wa Rehema ndio uliokuwa unampeleka hospitali. Haya myajue mapema, maana Mkurugenzi aliyajua, na aliyatumia.

Kazi ya Rehema ilikuwa skripti ya kuunda programu. Mnajua ninachosema: maagizo yaliyoandikwa, mashine inayafuata yenyewe, inakusanya vipande kimoja kimoja, inaviunganisha, inatoa programu nzima ya kupelekewa wateja. Kipande kimoja hatukuwa nacho sisi. Viwango vya ushuru vilikuwa kwenye mashine ya ofisi moja binafsi ya Dar es Salaam, ambayo iliviweka mtandaoni ili wengine wavichukue. Kwa hiyo kila mara skripti yetu ilikwenda hadi mlango ule, ikaomba viwango, ikarudi navyo.

Mlango ule ulikuwa na siku zake. Mara nyingine ulijibu 503, na 503 ni OCC iliyovaa suti: mwenyewe yupo, ila kwa sasa hawezi. Skripti ya kwanza, ambayo Mkurugenzi aliinunua kwa mtu, ilikuwa ikikutana na jibu hilo inaanguka chini kama mtoto aliyenyimwa ubuyu. Kazi yote inasimama, vipande vyote vinatupwa, tunaanza upya. Hiyo ni aina ya kwanza ya upumbavu: mgeni anayebisha hodi moja, asiposikia karibu, anakwenda kutangaza kwamba mwenye nyumba amekufa.

Mkurugenzi akaamuru tiba. “Iambie isichoke! Igonge mpaka ifunguliwe!” Rehema akamweleza, nami nikamweleza, akatuambia sisi wanawake tunaogopa mashine. Ikaandikwa hivyo alivyotaka. Ikagonga asubuhi nzima bila kuvuta pumzi. Adhuhuri simu ikalia kutoka Dar es Salaam, nikaipokea mimi.

“Ninyi watu wa Tanga mna nini?” sauti ikauliza. “Mmetugongea tangu asubuhi kama polisi! Mashine yetu ilikuwa inataka kuinuka, ninyi mnaikalia kifuani. Nimewafungia nje.”

Nikamwomba radhi kwa niaba ya wasioomba. Alikuwa muungwana, akatufungulia baada ya siku chache. Hiyo ndiyo aina ya pili ya upumbavu, nayo ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa kuwa ya kwanza inakudhuru wewe tu, na ya pili inamzuia mgonjwa asipone halafu inamlaumu kwa kuugua.

Baada ya hapo nikamwita Rehema, nikamsimulia Mzee Faki na kikohozi chake. Akacheka.

“Bi Amina, yaani niifundishe mashine hodi?”

“Nani mwingine ataifundisha? Mkurugenzi?”

Akaiandika upya, na aliyoyaongeza mwenyewe yalinishinda mimi. Hodi tatu, na kimya cha pili kirefu kuliko cha kwanza. Mlango ukisema njoo baada ya muda fulani, basi ni muda huo, si wa kwetu. Ukijibu 404, hakuna kurudia, nyumba haipo, mwite binadamu atazame anwani. Ukijibu kwamba hatujulikani, hakuna kurudia pia, kwa kuwa asiyekujua hakujui zaidi kwa kumpigia kelele. Na akaiwekea muda kidogo wa kubahatisha kabla ya kuondoka, ili isifike mlangoni saa kamili pamoja na mashine za nchi nzima. Hilo alilitoa wapi? Kwenye masimulizi yangu ya duka la ushirika, ambako mlango ulivunjwa na watu waliofika wote pamoja, na waliokuja baadaye kidogo wakanunua sabuni kwa raha zao.

Cha mwisho ndicho kilichomponza. Hodi tatu zikipita bila jibu, skripti iseme wazi: sikupata viwango, siundi programu. Isichukue vya zamani kimyakimya. Kuingia kwa dirisha huku mwenye nyumba hajaitika, hiyo ndiyo aina ya tatu ya upumbavu, na yenyewe ina jina jingine ambalo sitaliandika.

Ikaja tarehe mosi Julai, mwaka mpya wa serikali, ushuru umebadilika. Mawakala wote wanataka programu yenye viwango vipya, na kila mashine iko mlangoni pa Dar es Salaam. Skripti ya Rehema ikabisha. 503. Ikangoja. Mkurugenzi akaja kusimama nyuma ya kiti chake, nami nikamkumbuka Meneja na leso.

“Inafanya nini?”

“Inangoja, bosi.”

“Inangoja! Mimi nalipa umeme mashine ingoje?”

Ikabisha ya pili. 503. Ikangoja zaidi. Adhana ya Alasiri ikaadhiniwa, tukaenda kusali, tukarudi, ikabisha ya tatu. 503. Ikaandika ilichofundishwa kuandika, ikasimama.

“Haya,” Mkurugenzi akasema. “Chukua viwango vya zamani, unganisha, wapelekee wateja. Kesho tutawapelekea vipya. Nani atajua?”

“Forodha watajua,” Rehema akasema. “Watazikataa karatasi za wateja wetu.”

“Watafikiri wamekosea wenyewe.”

“Ndiyo maana siwezi, bosi.”

“Rehema, mama yako hajambo?”

Rehema akaigeukia kompyuta yake. Akawaandikia wateja wote ujumbe mfupi: viwango vipya havijapatikana, msijaze karatasi leo, tutawaarifu. Akautuma mbele ya macho ya Mkurugenzi. Akaiagiza skripti ijaribu tena alfajiri, akachukua mkoba.

“Ukitoka hapo usirudi,” Mkurugenzi akasema.

“Mama hajambo, alhamdulillahi,” Rehema akajibu, akashuka ngazi.

Asubuhi yake nilifika ofisini peke yangu. Mlango wa Dar es Salaam ulikuwa umeitika kwa hodi ya kwanza, watu wote wakiwa bado wamelala, na programu ilikuwa imejiunda na kuwafikia wateja kabla Mkurugenzi hajanyoa ndevu. Ofisi ilikuwa na mfanyakazi mmoja mwenye heshima zake siku ile, nayo ilikuwa skripti ya mtu aliyefukuzwa.

Kabla ya Adhuhuri mawakala wakaanza kupanda ngazi. Ofisi nyingine mjini zilikuwa zimeingia kwa dirisha, zikagawa viwango vya zamani, na wateja wao walikuwa bandarini wakirudishiwa karatasi kwa mafungu. Wateja wetu hawakujaza kitu, basi hawakuwa na cha kurudishiwa. Walikuja kushukuru, na kila mmoja aliuliza swali lilelile: yuko wapi yule binti aliyetuandikia?

“Yuko mapumzikoni,” Mkurugenzi akawajibu, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Nimeishi na watu wengi, wenye dini na wasio nayo, sijamwona mwingine aliyesahau haraka namna ile. Walipoondoka akaniambia, “Bi Amina, twende tukamchukue. Wewe anakusikia.”

Tukaenda Ngamiani kwa gari lake. Akaliacha katikati ya njia, akabaki ndani. Mimi nikaenda hadi mlangoni kwa Rehema, nikasimama ubavuni.

“Hodi.”

Kimya. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani. Nikangoja muda wa mtu kumaliza tonge.

“Hodi hapa.”

Kimya. Nyuma yangu honi ikalia, sauti zote mbili. Jirani akatoa kichwa dirishani akasema, “Nyumba ya mgonjwa hiyo, we bwana, hujui?” Honi ikanyamaza kidogo, ikalia tena. Nikangoja muda mrefu zaidi. Nilimsikia mtu ndani. Kanga ikipita sakafuni ina sauti yake. Nikabisha ya tatu, kwa sauti ileile ya kwanza, wala sikuipandisha. Kisha nikangoja muda wa rakaa nne, nikisoma nilichojaliwa kusoma, na honi ikinisomea chake.

Hakuitika. Nikarudi garini.

“Yumo?” Mkurugenzi akauliza.

“Yumo.”

“Basi piga tena!”

“Nimekwisha bisha.”

“Umekwisha nini? Mtu yumo ndani! Gonga mlango!”

“Nyumba ni yake,” nikamwambia. “Twende.”

Njia nzima alinihesabia hasara za ukaidi wangu. Nilimwachia. Nilikuwa nimekwisha sikia mahubiri kama hayo mbele ya mashine ya teleksi, na mhubiri wa kwanza angalau alikuwa na leso.

Kesho yake nilikuwa nafungua dirisha la ofisi nikasikia baiskeli ikiegemezwa chini. Rehema akapanda ngazi, akasimama kizingitini.

“Shikamoo, Bi Amina.”

“Marahaba, mwanangu. Mama?”

“Kala uji leo.” Akavua ushungi, akaupanga upya mabegani. “Nilizisikia hodi zako.”

“Najua.”

“Zote tatu. Nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika komeo. Nilikuwa nasikiliza.”

“Unasikiliza nini?”

“Kama na wewe kakugeuza honi.”

“Na ningebisha ya nne?”

“Ningetokea uani,” akasema, “na mngesikia habari zangu kutoka Mkwaja kwa mama mdogo.”

Akaketi kwenye kiti chake, akasoma ilichoandika skripti yake alfajiri ya jana yake, akatikisa kichwa kama mama anayesifiwa mtoto. Mkurugenzi alipofika alisema, “Ah, umerudi mapumzikoni,” naye akamjibu kwamba amerudi, na kwamba kuanzia siku ile mlango wa wateja ni wake kuulinda, na habari za mama yake zitaulizwa na wanaomtakia afya tu. Mkurugenzi akaona simu yake ina jambo la dharura.

Ndiyo habari yenyewe. Alhamdulillahi kwa yote, hata kwa akina Mkurugenzi, kwani bila wao tungepimaje subira?

Skripti ile mnayo hadi leo. Imebadilishwa lugha, imehamishwa mashine, imepakwa rangi, lakini hodi ni tatu. Nasikia mmoja wenu amependekeza ziwe kumi, bila kimya katikati, eti mtandao wa siku hizi una kasi. Namwalika nyumbani kwangu, aje siku yoyote apendayo, abishe. Nitakuwa nyuma ya mlango nimeshika komeo.